Mwendo wa Nyuma ya Rafu

Jicho ndilo lililotangulia. Kope la chini la jicho la kushoto lilianza kucheza asubuhi moja nikipiga mswaki, na sikulijali, kwa sababu jicho la kila mtu hucheza. Mama alisema ni usingizi. Jirani alisema nitapata mgeni. Mgeni hakuja, na jicho lilipotulia likaamka shavu la mguu wa kulia. Ukilitazama uliona ngozi ikiinuka na kushuka kidogo tu, kama mdudu anayejigeuza chini ya shuka. Baadaye likafuata bega, na baada ya bega kile kinofu kilicho kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Vilikuwa vinapokezana zamu, kimoja kikilala kingine kinaamka, na mimi nachoka kama mtu aliyebeba maji kutwa nzima, ilhali kazi yangu ni ya kukaa kwenye kiti.

Labda ningelicheka jambo hilo kama nisingekuwa nimemuuguza mama mdogo.

Mama mdogo alikuwa ndugu wa tumbo moja wa mama, na aliishi nasi. Yeye alianzia begani. Bega lilipocheza alikuwa akituita watoto tuje tulione, tukaweka viganja vyetu juu yake tukicheka, naye akicheka kuliko sisi. Halafu akaanza kujikwaa mahali pasipo na kitu. Halafu kijiko kikamshinda. Nilikuwa sekondari wakati huo, nikitoka shule namnywesha uji, na mama akimgeuza kitandani asitoke vidonda. Alipofariki, mama alifua shuka zake, akazikunja, akaziweka juu kabisa ya kabati. Miaka yote hiyo hakuziteremsha.

Kwa hiyo bega langu lilipoanza, jambo la kwanza nililoamua ni kwamba mama asijue. Jambo la pili, nikaanza kujipima.

Nilikuwa nimesoma kwenye simu, nikasoma tena na tena mpaka macho yakauma, kwamba ugonjwa ule unaondoa nguvu. Kucheza kwa msuli peke yake si kitu, nguvu ndizo za kuangalia. Basi nikaangalia. Nilichukua kibanio cha nguo cha mama, kile cha mbao chenye springi ngumu, nikakitia mfukoni mwa sketi. Kila nilipopata nafasi nilikibana kwa gumba na kidole cha shahada. Kikifunguka, nashukuru. Lakini nguvu za asubuhi si nguvu za saa hii, kwa hiyo nilikibana tena. Miguu nilikuwa naipima kwa kutembea kwa visigino, vidole vimeinuliwa juu, kisha kurudi kwa ncha za vidole, polepole, nikisikiliza kama goti litalegea. Zoezi hilo haliwezekani mbele za watu, hasa kwa mtu mwenye haya kama mimi. Nilikuwa nalifanyia kazini, nyuma ya rafu ya mwisho.

Kazini kwetu tunatengeneza vitabu vya watu wasioona. Mashine kubwa inagonga karatasi nene na kuinua vinukta vidogo, na msomaji anavisoma kwa ncha ya kidole. Kabla kitabu hakijashonwa lazima kihakikiwe, na kuhakiki ni kazi ya watu wawili. Mmoja anashika kitabu cha kawaida na kusoma kwa sauti, kila neno, kila nukta na mkato. Mwenzake anafuata kwa kidole kwenye karatasi ya vinukta. Wakipishana, anasema, "Hapo," na kosa linawekwa alama.

Mimi ndiye niliyekuwa nasoma. Aliyekuwa anafuata ni mwanamume wa makamo asiyeona tangu utotoni, mwenye kidole chepesi kuliko wote pale, na mdomo mwepesi kuliko kidole. Jina lake halisi liko kwenye mlango wa ofisi, lakini hakuna anayelitumia. Tunamwita Redio, kwa sababu jambo likimfikia, limetangazwa. Mimi alinipa jina la Kimya tangu wiki yangu ya kwanza, na likanikaa.

Nilipenda kufanya naye kazi. Nikisomea watu wanaonitazama, sauti yangu hukwama kooni. Yeye hakunitazama, na kope likinicheza hakuna aliyeona. Mkono wangu wa kushoto nilikuwa naukalia ili utulie.

"Kimya," aliniambia siku moja katikati ya ukurasa, "leo unasoma kama mtu aliyebanwa na mlango."

"Nimechoka tu, kaka."

"Jana pia ulichoka. Na juzi. Kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Hakuna kitu ndiyo jina lake, au ndivyo unavyomwita wewe?"

Sikuelewa. Nikasoma sentensi iliyofuata.

"Haya, usiseme," akasema, kidole chake kikiendelea kukimbia. "Chai huimalizi, nasikia kikombe kinarudi kizito. Unahema kama umeacha mtu kituoni. Na Jumanne ulivaa vile viatu vyako vizuri, ukaomba ruhusa mchana. Mimi sisemi neno. Hapo."

"Hapo nini?"

"Kosa. Umesoma 'alikula', hapa wameandika 'alilala'. Nani kati yenu ana njaa?"

Jumanne ile nilikuwa nimekwenda hospitali. Viatu vizuri nilivivaa kwa sababu nilitaka daktari anichukulie kama mtu wa maana, asiniambie nikanywe maji na kulala.

Hakuniambia hivyo. Alikuwa mama mmoja mnene, daktari wa neva, mwenye nyundo ndogo ya mpira iliyochomoza mfukoni kama kalamu. Alinisikiliza bila kuandika. Nilimweleza kope, bega, mguu, uchovu, na ganzi inayonipata mkono wa kushoto jioni. Nilipofika kwa mama mdogo niliishiwa maneno, naye akasubiri mpaka yakarudi.

Kisha akanigonga magoti. Akanisukuma mikono, akaniambia nizuie. Akaniambia nitembee kwa visigino hadi dirishani na kurudi kwa vidole.

"Umeshawahi kufanya hivi?" akauliza.

"Hapana," nikasema, kwa aibu.

"Basi una kipaji."

Alisema hajaona upungufu wa nguvu, lakini angependa damu ipimwe na misuli ipimwe kwa mashine, ile ya sindano nyembamba. Nikapewa tarehe ya wiki iliyofuata. Nilitoka pale bila kujua nimeambiwa jambo jema au baya. Neno "hajaona" nilikwenda nalo mpaka nyumbani nikiligeuzageuza. Hajaona leo. Mashine je, itaona?

Wiki ile nilikibana kibanio mpaka gumba likaota sugu. Nyuma ya rafu nilikwenda mara nyingi kuliko nilivyokwenda chooni.

Jumapili mchana mama alikuwa uani anaanika nguo. Nilitoka na beseni la pili. Hakugeuka.

"Madamu wako amenipigia simu," akasema.

Madamu ni mkuu wetu wa kazi. Alikuwa hajawahi kumpigia mama simu, ingawa namba anayo.

"Kuhusu nini?"

"Anauliza tumechagua rangi gani."

"Rangi ya nini?"

"Ya harusi."

Nilibaki nimeshika blauzi iliyolowa, maji yananitiririkia kwenye kiwiko.

"Harusi ya nani, mama?"

"Yako." Sasa aligeuka. Uso wake haukuwa na hasira, ulikuwa umesawijika kama wa mtu aliyepitwa na msiba wa jirani bila kuambiwa. "Nimesimama na simu sikioni kama mjinga. Anasema ofisi nzima inajua. Anasema hawataki kukuharibia siri yako, ila wanataka zawadi ifanane na rangi za nyumbani. Ningemjibu nini? Nimemwambia bado tunafikiria."

"Mama, siolewi."

"Niambie tu. Kama ni mtu unayeogopa sitampenda, niambie."

"Hakuna mtu. Kwani wamelitoa wapi hilo?"

"Anasema yule mwenzako, Redio, anakusikia unafanya mazoezi."

"Mazoezi gani?"

"Ya kutembea. Ule mwendo wa bibi harusi akiingia ukumbini. Anasema kila siku unajificha nyuma ya makabati, unatembea polepole, hatua moja, unasimama, hatua moja, unasimama. Eti unaona haya kujifunza mbele za watu."

Ningeweza kucheka. Ningeweza pia kudanganya, na nadhani ningedanganya, kama mama asingesema, "Hebu nionyeshe huo mwendo."

Nikaweka beseni chini. Nikavua kandambili. Nikainua vidole na kutembea kwa visigino, kutoka kwenye kamba hadi kwenye bomba.

Mama aliutambua kwa hatua ya kwanza. Niliona. Ule mwendo alikuwa ameutazama miaka mingi nyuma, kwenye chumba cha daktari, mdogo wake akiambiwa atembee hivyo hadi dirishani na asifike. Shati lililolowa lilimponyoka mkononi, likaanguka kwenye vumbi, na hakuna aliyeliokota.

"Wapi?" akauliza.

Sikujifanya sijaelewa. "Bega. Na mguu. Na hapa."

Akaja, akaweka kiganja chake kwenye bega langu. Bega, kwa ukaidi wake, lilikuwa limetulia. Tukasubiri. Kuku wa jirani alipita. Ndipo likacheza, na mkono wa mama ukashtuka lakini haukuondoka.

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo wa mvua."

"Na hospitali umekwenda peke yako."

"Sikutaka urudie tena yale, mama."

"Nirudie nini?" Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Kama ni kurudia, nitarudia. Wewe ni mwanangu. Hiyo si kazi yako kunichagulia." Akafuta uso kwa ncha ya kanga. "Nami nilidhani unachelewa kulala kwa sababu ya simu."

"Ni simu kweli. Nilikuwa nasoma magonjwa."

"Kumbe ungekuwa na mwanamume ingekuwa nafuu," akasema, na tukacheka wote wawili, vibaya, huku tunalia, shati letu likiwa chini.

Siku ya kipimo tulikwenda pamoja. Mama alivaa gauni lake la sherehe. Alikataa kukaa nje kwenye benchi, daktari akamwangalia mara moja tu, akamvutia kiti.

Sindano zilikuwa nyembamba na zilichoma kama mbu mwenye hasira. Kilichonishangaza ni sauti. Mashine ile ina kipaza sauti, na msuli ukipumzika inakaa kimya, ukiukaza inavuma kama mvua juu ya bati. Daktari alikuwa anasikiliza kichwa kikiwa upande, na kwa muda alinikumbusha Redio na kidole chake. Bega, kiganja, mguu, paja. Mara nyingine ilisikika nukta moja ya peke yake, tak, halafu kimya. Kila ilipotokea nilimtazama usoni. Hakubadilika.

Alipomaliza alivua glavu, akavuta kiti karibu, akatukabili wote wawili.

"Nimetafuta kitu kibaya na sijakikuta," akasema. "Neva zako ni nzima. Misuli yako ni mizima. Damu haina tatizo. Nguvu unazo, pengine kunizidi mimi."

"Daktari," mama akadakia, "ule wa mdogo wangu haumo humu?"

"Haumo, mama."

"Hata mwanzo wake?"

"Hata mwanzo wake. Miezi yote hii, ungekuwa ule, mashine hii ingeusikia."

Mama alivua kiatu kimoja, akakitazama ndani kana kwamba kina jiwe, akakivaa tena. Mimi nilihisi kitu kikiniachia chini ya mbavu, mahali ambapo sikujua kwamba pamebanwa.

"Sasa kwa nini vinacheza?" nikauliza.

"Sijui."

Nadhani uso wangu ulisinyaa, kwa sababu alitabasamu kidogo.

"Nakwambia ukweli. Wapo watu wengi ambao misuli huwachezea hivi kwa miaka, wanazeeka nayo, na hatujui kwa nini. Tunajua tu kwamba haiwaui. Usingizi mchache huichochea. Hofu huichochea. Chai nzito pia. Na kuufanyisha msuli kazi kupita kiasi."

"Mimi sifanyi kazi nzito. Nasoma tu."

"Hebu lete mkono." Akaugeuza chini ya taa, akabonyeza gumba langu. "Hii sugu imetoka wapi?"

Nilitamani sakafu inimeze. Nikatia mkono mfukoni, nikatoa kibanio, nikakiweka mezani. Kilikuwa kimeng'aa kwa jasho.

"Unakifanyia nini?" akauliza daktari.

"Najipima nguvu."

"Mara ngapi kwa siku?"

"Nikikumbuka."

"Unakumbuka mara ngapi?"

"Sisahau."

Mama akaegemea mbele. "Hicho ni kibanio changu," akasema. "Nimemsingizia mama wa nyumba ya pili. Karibu tugombane."

Daktari alicheka mpaka nyundo ikamtoka mfukoni. Nami nikacheka, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu sikusikiliza kama kuna kitu kinacheza.

Alinieleza polepole, kama mtu anayeandika ubaoni. Msuli unaopewa mtihani kutwa huchoka. Ukichoka unauma na kucheza. Ukicheza, mimi naogopa, naupa mtihani mwingine. Akauliza miguu nayo naipimaje, na nilipomwonyesha akatikisa kichwa, akasema wachezaji wa mpira wangeomba kupumzika. Ganzi ya mkono wa kushoto ilimchukua swali moja tu, kama kuna kitu naufanyia mkono huo. Nikamwambia naukalia. Akaniangalia. Nikasema, "Aa."

"Si kila kitu nimekieleza," akasema tukisimama. "Kope, bega, vilianza kabla ya kibanio. Hivyo siwezi kukuapia chanzo chake. Vinaweza kwisha, vinaweza kukaa. Lala. Punguza chai. Acha kujipima, nimeshakupima mimi. Na uje tena baada ya miezi michache, si kwamba naogopa, ila ujue una mahali pa kuuliza."

Nje kulikuwa na jua kali. Mama alitembea mbele yangu hadi getini, kisha akasimama akishika nguzo. Nilidhani ana kizunguzungu. Alikuwa anapumua tu, pumzi ndefu, moja baada ya nyingine, kama mtu aliyetua mzigo kichwani na shingo bado haijaamini.

"Mama?"

"Nina njaa," akasema. "Nina njaa mpaka naona nyota. Twende tukale kitu kwenye sahani, tukae."

Tulikula kila mmoja chakula cha watu wawili. Kibanio kilibaki kwenye mkoba wake.

Kesho yake nilifika kazini mapema, nikiwa nimefanyia mazoezi maneno yangu njiani. Sikupata nafasi. Juu ya meza yetu kulikuwa na boksi kubwa lenye utepe, na Madamu, na fundi wa mashine, na Redio aliyevaa koti.

"Tumeamua tusisubiri rangi," alisema Madamu. "Nyeupe haigombani na kitu. Ni shuka."

Watu watatu walinigeukia, wakitabasamu. Zamani ningekimbilia chooni. Nilishika ukingo wa meza.

"Siolewi," nikasema. "Nilikuwa naumwa. Yaani, nilidhani naumwa. Siumwi. Nimeambiwa jana."

Nikawaeleza. Sikueleza vizuri, nilianzia katikati nikarudi nyuma, lakini nilifika mwisho. Nilipofika kwenye visigino na vidole, fundi wa mashine aliziba mdomo na kumtazama Redio, kisha akakumbuka kwamba kumtazama hakumsaidii.

"Redio," akasema, "wewe ulituambia umesikia harusi."

Redio alikuwa amekaa wima, mikono magotini.

"Nilisikia mtu anatembea polepole, peke yake, kwa siri," akasema. "Na hali chakula. Na anahema. Na ana viatu vizuri vya Jumanne. Sasa ningefanya hesabu gani nyingine?" Akanigeukia upande wangu. "Kumbe nyuma pale ulikuwa unaogopa."

"Ndiyo, kaka."

"Peke yako."

"Ndiyo."

"Basi masikio haya yapelekwe kwa fundi," akasema, na sauti yake ikavunjika kidogo. "Nimekaa hapa nafurahi. Nilishajiandaa kuwa mshereheshaji. Koti nimelitoa kwa dobi."

"Limekupendeza."

"Hata mchumba hakuna?"

"Hata mchumba."

"Si ungetafuta japo mmoja, tusirudishe shuka."

"Shuka hazirudi dukani," Madamu akasema, akisukuma boksi kuelekea kwangu. Macho yake yalikuwa mekundu. "Mtu aliyepona hawezi kulala kwenye shuka mpya?"

Walipotawanyika tulibaki wawili, mezani petu, kitabu kimoja kati yetu. Nilifungua ukurasa tulipoishia. Bega likaanza.

"Limeanza," nikasema. Ilikuwa ajabu kulisema kwa sauti, kama kusema mvua imeanza.

"Bega? Naruhusiwa?"

Nilivuta kiti. Aliweka ncha ya kidole chake cha kusomea juu ya bega langu, kwa wepesi uleule anaoutumia kwenye karatasi asizibonyeze nukta. Akainamisha kichwa. Bega likaruka, likatulia, likaruka mara mbili.

"Nukta," akasema. "Nafasi. Nukta, nukta." Akasubiri zaidi, uso umekunjamana kama anasoma mwandiko mbaya. "Haijaandika kitu, Kimya. Mashine imegonga tu bila herufi. Karatasi hii ningeipitisha."

Nilicheka mpaka nikalaza kichwa mezani.

Jioni nilipeleka boksi nyumbani. Mama alifungua utepe bila kuukata, akautunza, akatandika kitanda changu mwenyewe kana kwamba kweli kuna bibi harusi. Akapapasa pembe zote nne. Kisha akasimama katikati ya chumba akiangalia juu ya kabati.

"Lete kigoda," akasema.

Nilimletea. Hakuniambia anataka nini na sikuuliza. Nilimshikilia miguu akiwa amepanda, naye akanipokeza shuka za mama mdogo, moja moja, zikiwa zimekunjwa kwa ile mikunjo ya siku ile, zina harufu ya vumbi. Asubuhi nilipoamka zilikuwa zimeshafuliwa na ziko kwenye kamba, zinapepea uani, za bluu, nilikuwa nimesahau kwamba ni za bluu. Kibanio kimoja kilichong'aa kuliko vingine kilikuwa kimeshika ncha ya shuka ya mwisho. Nilikipita nikaenda kupiga mswaki. Jicho lilicheza, nikamaliza meno.

Bado vinacheza. Wiki nyingine vinaniacha kabisa, wiki nyingine shavu la mguu linaamka kabla yangu. Kuna siku nachoka bila sababu, na siku hizo namwambia Redio, naye anasema, "Basi twende taratibu, hawa wasomaji wetu wana miaka mingi ya kusoma." Kuna siku pia kidole changu kinapapasa mfukoni kutafuta kitu kisichokuwemo. Nakiacha kipapase, kinachoka chenyewe.

Juzi tulihitaji kamusi, na kamusi iko rafu ya mwisho, juu kabisa. Nilikwenda nyuma kule, nikainuka kwa ncha za vidole, nikanyoosha mkono. Sakafu ya mbao ikalia.

"Kimya," Redio akaita kutoka mezani. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, lakini nilijua kidole kimesimama. "Ni zoezi hilo?"

"Ni kamusi."

"Una hakika?"

"Kubwa, ya bluu. Nimeishika."

"Haya," akasema. "Ilete, tuna kosa hapa."